Kanisa la Mkunazini Si la Wazungu

Waulize kumi waliotembelea Mkunazini, Unguja, na tisa watakuhadithia lile lile: Wazungu walikuja, wakafunga soko la watumwa, wakajenga kanisa juu yake, utumwa ukaisha. Wapo wanaolisimulia kwa shukrani. Wapo wanaolisimulia kwa dharau, kwamba lile ni jengo la mkoloni na halituhusu. Wote wanakosea pamoja, maana wote wamempa Mzungu jengo zima.

Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873. Wakati huo Unguja ilikuwa chini ya Sultani Sayyid Barghash, na Waingereza hawakuifanya nchi ya himaya mpaka 1890. Inaelezwa kuwa sehemu ya kiwanja ilitolewa na tajiri wa Kihindu, na saa ya mnarani ikatolewa na Barghash mwenyewe, Mwislamu.

Na mafundi je? Askofu Edward Steere ndiye aliyesimamia ujenzi, lakini mawe hayakujipandisha. Ukiingia utaoneshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini, miguu juu, na mwongoza watalii atakuchekesha: Askofu alikuwa safarini bara, mafundi wake wakazipindua. Watu hucheka, hupiga picha, hupita. Kichekesho hicho kinanikera. Mikono iliyopandisha mawe ya matumbawe mpaka kwenye kuba la paa lile inakumbukwa kwa kosa moja tu, bila jina. Steere, aliyefariki 1882, amezikwa nyuma ya madhabahu na kila mgeni anatajiwa jina lake. Simnyimi haki yake. Alijifunza Kiswahili barabara na kuchapisha hadithi za Unguja mwaka 1870. Lakini hata hizo hadithi alisimuliwa na wenyewe.

Sasa hilo la kukomesha utumwa. Mbele ya madhabahu kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa nyekundu, na tunaambiwa ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Mgeni anaondoka akiamini kwamba mti ulipong'olewa, minyororo ilikatika. Haikukatika. Mkataba wa Juni 1873, ambao Barghash alitia saini baada ya kutishiwa kuzingirwa na manowari za Waingereza, ulifunga masoko na kupiga marufuku kusafirisha watumwa baharini. Kummiliki mtu kuliendelea kuwa halali. Kengele za kanisa hili zililia miaka na miaka huku mitaani wamo watu wenye mabwana zao. Amri ya 1897, chini ya himaya ya Waingereza hao hao, ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru na kuonesha atakaa wapi na atakula nini. Fidia alilipwa bwana! Masuria waliachwa nje mpaka 1909.

Wa kuulizwa habari za utumwa ni waliouonja. John Swedi alikuwa mmoja wa wavulana watano waliokamatwa jahazini na kukabidhiwa Askofu Tozer, mtangulizi wa Steere, na Sultani wa wakati huo mwaka 1864. Mwaka 1879 akawa shemasi. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alipata upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika UMCA, misheni iliyojenga kanisa hili, na alihudumu kusini mwa bara. Walioupeleka Ukristo vijijini, kwa lugha ya watu, ni hao na wenzao. Mbona watoto wetu wa shule wanamjua mmisionari Livingstone, ambaye alikufa kabla jiwe la msingi halijawekwa, na Majaliwa hawamjui?

Makaburini ndiko upotofu huu wa kuwakumbuka Wazungu peke yao unakolelewa. Kule Mbweni, kilichokuwa kijiji cha walioachwa huru, wageni huenda moja kwa moja kwenye kaburi la Caroline Thackeray, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Ni haki yake kutembelewa. Lakini kijiji kizima kiliishi pale, kikazaa, kikazika. Asiyewekewa jiwe naye ni marehemu wa pale pale, na hesabu ya makaburi haianzi wala haiishii kwenye mawe yanayosomeka.

Ombi langu ni kwa viongozi wa kanisa na waongoza watalii. Majina ya Swedi na Majaliwa yatajwe kabla ya kichekesho cha nguzo. Nawe msomaji, ukikata tiketi yako Mkunazini, usitoke kabla hujauliza habari zao.