Rundo Kubwa Halimtishi Kila Mtu

Kwenye meza za poka kuna kauli inayorudiwa hadi imekuwa kama sheria: mwenye chipu nyingi ndiye mwenye meza. Anayeiamini huingia mchezo wa pesa taslimu na kiwango cha juu kabisa ili awaburuze wenzake, na kwenye mashindano hukimbilia kuongeza chipu mapema kwa gharama yoyote. Imani hii inawapotezea watu pesa, hasa wanaoanza, kwa sababu inaichukulia michezo miwili tofauti kana kwamba ni mmoja.

Kwenye mchezo wa pesa taslimu, sheria ya msingi ni kwamba huwezi kupoteza zaidi ya ulichokuwa nacho mezani karata zilipogawiwa. Tuseme dau kubwa la lazima ni shilingi 1,000. Mmoja ana 200,000 mbele yake, mwenzake ana 40,000. Wakibaki wawili, kinachopiganiwa ni 40,000 kwa kila upande. Zile 160,000 za ziada ni kama hazipo. Na huyu wa 40,000 akipoteza zote, anatoa nyingine mfukoni na mchezo unaendelea. Hofu itoke wapi?

Tena mwenye rundo dogo ana faida ambayo wengi hawaioni. Akishaweka chipu zake zote, hakuna dau linaloweza kumtoa. Ataziona karata zote tano za mezani. Pembeni yake wenye marundo makubwa wanaendelea kupandishiana, na mmoja wao huishia kutupa karata ambazo pengine zingemshinda yule mdogo.

Faida ya rundo kubwa hapa ni kuvuna. Ukiwa umekaa na mchezaji dhaifu mwenye pesa nyingi, unataka nawe uwe nazo kiasi kile kile, ili akikosea akosee kwa zote. Lakini faida hiyo ni ya anayejua. Rundo likiwa refu, maamuzi magumu yanahamia kwenye karata ya nne na ya tano, ambako madau ni makubwa kuliko yote, na huko ndiko mgeni wa mchezo anakoumia. Kumwambia anayeanza aingie na kiwango cha juu ni kumpa ushauri wa adui.

Kwenye mashindano mambo yanageuka, maana chipu si pesa. Ni tiketi ya kugombea zawadi, na thamani ya kila chipu hupungua kadiri unavyozidi kuwa nazo. Mwaka 1987 Mason Malmuth aliweka hesabu ya jambo hili kwa wachezaji wa poka; kanuni kama hiyo ilikuwa imeshatumika kukadiria nafasi za farasi kwenye mbio. Tuipige kwa mfano. Wamebaki wanne wenye chipu sawa, na zawadi ni tatu: 50, 30 na 20 kwa mia. Kila mmoja ana thamani ya 25. Wawili wakiwekeana zote na mmoja akatoka, mshindi ana chipu mara mbili, yaani nusu ya chipu zote. Je, thamani yake ni 50? Hapana, ni 38 na kidogo. Wale wawili waliokaa wamekunja mikono wamepanda kutoka 25 hadi karibu 31 kila mmoja, bila kugusa karata.

Kwa hiyo, ili uweke 25 yako kwa ajili ya 38, unahitaji kushinda mara 65 katika mia. Jozi ya nane dhidi ya ree na mfalme hushinda mara 55 hivi. Kwenye pesa taslimu ungeiweka bila kusita. Hapa ni kosa, hata ukishinda.

Watetezi wa kauli ile watamtaja Jamie Gold, aliyeibuka mshindi kati ya washiriki 8,773 wa mashindano ya poka jijini Las Vegas mwaka 2006 na kuondoka na dola milioni 12, akiwa na rundo lililowafunika wenzake kwa siku kadhaa. Nakubali kwamba kwenye mashindano rundo kubwa lina nguvu. Ila nguvu hiyo inatoka kwenye ngazi ya zawadi, inayomfanya mwenye rundo la kati aogope kutoka kabla ya wadogo. Huyo ndiye wa kushambuliwa. Mwenye chipu chache mno hatishiki, kwa kuwa ameshafika mahali pa kuweka zote na karata yoyote ya maana. Na mwenye rundo kubwa mwenzako ndiye peke yake anayeweza kukutoa. Wakibaki wawili tu, ngazi imekwisha, na kila chipu ina thamani sawa na nyingine.

Kauli hiyo inavunjika kabisa kwenye mashindano ya kufuzu, ambako, tuseme, kumi wa mwisho wote hupata nafasi ile ile. Wamebaki kumi na mmoja. Wewe una rundo kubwa na umegawiwa ree mbili, karata bora kuliko zote za kuanzia. Mwenye rundo lingine kubwa ameshaweka zote kabla yako. Ree mbili hushinda takribani mara nne katika tano, lakini ushindi hautakupa nafasi ya pili, na mara ile ya tano itakunyang'anya uliyokuwa umeshaishika. Zitupe.