Kabla ya viza, usajili

Mshambuliaji Mbwana Samatta hakuruka kutoka Mbagala hadi Ulaya. Alipita Simba, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, ndipo Januari 2016 akatua Genk, Ubelgiji, akiwa na miaka 23.

Wazazi wa Marangu, Machame na Kibosho, hapa Kilimanjaro, wanaoahidiwa Ulaya kwa watoto wa miaka 15 wajue kuwa FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache. Wakala akidai fedha za viza, aonyeshe kwanza leseni. Kihamba, shamba la ukoo, kisiuzwe kwa barua ya mwaliko.

Uzembe mkubwa zaidi, hata hivyo, uko kwetu, kwenye makabrasha. Klabu iliyomlea mchezaji akiwa na miaka 12 hadi 15 hustahili asilimia 1 ya ada anapouzwa nje akiwa ndani ya mkataba. Akiuzwa euro milioni 1, hizo ni euro 10,000: mipira, viatu, mshahara wa kocha. Hazilipwi kwa kumbukumbu za kichwani. Vyama vya soka Kilimanjaro visajili kila mtoto anayecheza, kwa cheti halisi cha kuzaliwa (mchezo wa kupunguza umri tunaujua).

Tena, kijana aliyekabana na Simba na Yanga pale Uwanja wa Ushirika, Moshi, huonekana kuliko mwenye video ya simu. Lakini Polisi Tanzania, timu iliyoutumia uwanja huo, ilishuka daraja mwaka 2023. Wafanyabiashara wa Moshi wanaochangia nauli za majaribio waanze kuichangia timu hiyo irudi Ligi Kuu.