Gia isichomelewe kwenye shafti

Gia ya mashine ya kukamua miwa ikianza kucheza kwenye shafti, mwenye mashine hataki hadithi. Anataka juisi itoke leo. Fundi anachomelea, cheche zinaruka, kazi inakwisha kabla chai haijapoa. Bei ni nafuu, lakini ni nafuu ya siku chache, na lawama si ya fundi peke yake.

Hesabu yenyewe inatisha. Mota ya kilowati 7.5, inayozunguka mara 1,450 kwa dakika, kwa kawaida huwa na shafti ya milimita 38. Kwenye uso wa shafti hiyo, nguvu inayosukuma ni sawa na uzito wa kilo 265 hivi. Gia zikipunguza mwendo mara kumi, nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara kumi. Mzigo wa shafti hiyo ya mota hubebwa na kipande kidogo cha chuma, kii, chenye upana wa milimita 10 na kimo cha 8, kilicholala nusu kwenye mfereji wa shafti na nusu kwenye gia.

Mara nyingi kii hutengenezwa kwa chuma laini kuliko gia. Si ubahili: rola zikikwama ghafla, afadhali kikatike hicho.

Kuchomelea kunaondoa kinga hiyo. Vyuma vingi vya shafti na gia vina kaboni ya karibu asilimia 0.45. Vikiyeyushwa bila kupashwa moto kwanza, kisha vikapoa haraka, sehemu iliyo kando ya mshono hukakamaa na kuwa rahisi kupasuka. Ufa huanzia hapo na kukua kila shafti inapozunguka chini ya mzigo. Meno yaliyokazwa kwa moto nayo yanaweza kulainika. Na siku beringi ikifa, gia haichomoki, inakatwa.

Badala ya kuchomelea, skrubu ya kubana peke yake nayo haitoshi kwa kazi nzito, mtetemo huilegeza. Mfereji ukishaliwa, dawa ni kuchonga mwingine upande wa pili wa shafti, au kuupanua na kuweka kii kipana zaidi. Kazi hiyo inahitaji mashine ambayo karakana nyingi za mtaani hazina. SIDO, shirika la Tanzania lililoundwa mwaka 1973 kusaidia viwanda vidogo, na vyuo vya ufundi vya VETA wangefanya jambo la maana kuwakodishia mafundi mashine hizo kwa saa. Mteja naye, kabla hajalipa, amwombe fundi aichomoe gia mbele yake na kuirudisha.