Bure ya nani?

Wadau, leo nagombana na nyinyi. Kila nikisema tuweke seva yetu hapa hosteli naambiwa, "Ya nini, si Google ipo, tena bure?"

Bure ya nani jamani? Google Photos ilipokea picha bure bila kikomo, ofa ikaisha 1 Juni 2021. Mwaka 2022 ikawa zamu ya vyuo kuwekewa kikomo. Ukiweka mali stoo ya mtu, kufuli ni lake.

Chumbani tuko sita, kila mmoja anachoma bando kupakua video ileile ya somo. Apakue mmoja! Kompyuta chakavu, diski na ruta ndogo vinatosha: Jellyfin inarusha video kwenye simu zetu, Kiwix inatupa Wikipedia nzima ya Kiswahili. Programu zote bure, na bando halihitajiki tena.

Mnasema diski hufa. Ndiyo, kwa hiyo tunaweka nakala mbili.

Halafu sisi ni walimu watarajiwa. Kuna shule mtandao unaufuata mlimani. Ukipangiwa huko, utawaambia watoto somo liko Google?

Nawasilisha. Anayebisha aje na hoja, asije na bando.