Neno Lililopokelewa

Katika miji midogo mingi ya Tanzania Bara mtoza ushuru wa soko hasahau meza hata moja. Lakini mama mwenye meza akinena kwamba mtaro umeziba na maji machafu yaingia sokoni, huambiwa na halmashauri, “Limepokelewa.” Mvua yaja, mvua yapita, neno lake halionekani tena. Je, ushuru una kitabu, na lalamiko halina?

Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 146, yasema serikali za mitaa zimewekwa ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Si kuwapelekea stakabadhi tu. Mitume nao waliletewa manung’uniko ya wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku (Matendo 6). Hawakusema, “Limepokelewa.” Waliita mkutano, wakachaguliwa watu saba kwa majina yao, wakawekwa juu ya kazi ile.

Na tudai vivyo hivyo: kila lalamiko liandikwe pamoja na jina la atakayelishughulikia na siku ya jibu, kisha lisomwe mbele ya watu. Naye anung’unikaye kisimani bila kufika mkutanoni, aache. Asiyeulizwa hajibu.