Mkataba wa malezi usiotaja saa huzaa kesi nyingine

“Baba atamwona mtoto mara kwa mara.” Wazazi wametengana, wamekaa mbele ya wazee, wametia sahihi. Wiki ya pili wako kwa afisa wa watoto. Kwa baba, mara kwa mara ni kila wikendi. Kwa mama, ni mara moja kwa mwezi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inawapa mama na baba wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo yaweka maslahi ya mtoto mbele. Lakini neno “sawa” halisemi mtoto alale wapi Ijumaa.

Wanaoelewana wanaweza kupatana kwa simu. Wanaogombana waandikiwe kila kitu: Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumapili saa kumi, nani anamfuata mtoto, na wanakutania wapi. Mmoja akiishi Likoni na mwingine Kisauni, feri nayo itajwe, na kuchelewa kunakokubalika kuwekewa dakika.

Kisha kuna Idi, na hapa ndipo wengi huumia. Mkataba unasema Idi ni ya baba. Idi ipi? Pwani tunajua mwezi: nyumba hii inaswali leo, ile bado imefunga. Iandikwe kwamba siku itafuata tangazo la Kadhi Mkuu, au chochote watakachochagua, mradi kiwe kimoja. Vivyo hivyo likizo za Aprili, Agosti na Desemba.

Pesa zitumwe kwa M-Pesa, tarehe itajwe, karo ilipwe shuleni moja kwa moja. Mtoto asigeuzwe tarishi wa kudai matunzo. Na matunzo yakichelewa, je, baba amnyimwe mtoto? Wengi hufanya hivyo. Naona ni kumwadhibu asiyehusika. Deni lidaiwe kama deni.

Linalosahaulika zaidi ni safari. Mama akipata kazi Saudia au Qatar, mtoto anabaki kwa bibi au anahamia kwa baba? Pasipoti ya mtoto inakaa na nani? Lisipoandikwa, uamuzi unafanywa usiku wa kuamkia safari, kwa makelele.

Karatasi hiyo isiishie kabatini. Ikipelekwa mahakama ya watoto, kama ile ya Tononoka, na hakimu akaikubali kuwa amri, anayeivunja anajibu kwa hakimu, si kwa mtalaka wake.