Tisa yake ilikuwa sahihi

Najua nimepotea, UE zilinibana kweli kweli. Leo nimekuja na dukuduku.

Likizo hii nilikuwa nafundisha tuisheni watoto wa darasa la tano pale mtaani kwetu. Tukafika kwenye maumbo yenye ujazo. Mimi na digrii yangu inayokuja, nikachora mchemraba ubaoni kama tulivyozoea: mraba, mistari ya kulalia, kazi imekwisha. Nikauliza, una kingo ngapi? Binti mmoja akaandika 9. Nikampiga kosa kwa wino mwekundu, maana si kila mtu anajua ni 12?

Usiku naandaa somo la kesho, nikauhesabu mchoro wangu mwenyewe. Kingo 9. Vipeo 7, nyuso 3. Jamani! Mtoto alihesabu alichoonyeshwa. Mimi ndiye niliyeficha kingo 3 kwa nyuma halafu nikamdai.

Ndiyo maana nasema, na wenzangu wa Hisabati mtanisamehe: maumbo haya yasianzie ubaoni, yaanzie mkononi. Sisi tunapanga kutoka nukta, kwenda mstari, kwenda mraba, halafu mchemraba unakuja mwisho, mbio mbio. Lakini mtoto gani amewahi kushika mraba? Ameshika boksi. Mraba au mstatili ameuona ubavuni mwa boksi. Friedrich Froebel wa Ujerumani, aliyeanzisha kituo chake cha watoto wadogo mwaka 1837, aliwapa kwanza mipira ya uzi, kisha tufe, mchemraba na mcheduara vya mbao. Vibao bapa vilifuata baadaye.

Halafu Kiswahili chenyewe kimetusaidia, sisi tu hatusikii. Mche wa sabuni! Ukate popote, mradi kisu kiwe wima, uso unaoupata ni uleule. Hapo umeshafundisha mche ni nini, bila kuandika maana yake ubaoni. Pia ni ile ile ya kuchezea. Na karatasi ya muuza karanga je?

Kuna atakayeniambia darasa lina watoto 80, vifaa vitoke wapi. Kiberiti kina kingo 12, na maboksi matupu kwa Mangi ni ya kumwaga. Shida ninayoikubali ni kelele. Mkaguzi akiingia saa hiyo, utaambiwa darasa limekushinda. Mimi naona bora kelele.

Kesho yake nikaja na maboksi ya dawa ya meno. Yule binti akawa anapitisha chaki kwenye kila ukingo ili asirudie. Akafika 12. Akaniangalia, "Ticha, sasa jana zile nyingine ulizificha wapi?"

Nikataka kumrudishia alama yake palepale. Kumbe ule ukurasa alishauchana.